Chumba cha vioo cha shangazi, Tororo, Uganda: shajara ya kupunguza joto

Novemba, wiki ya mwisho

Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, kimebandikwa ubavuni mwa nyumba upande wa magharibi. Paa ni polikaboneti angavu (plastiki ngumu ya kupitisha mwanga) linaloteremka kutoka ukuta wa nyumba. Magharibi na kusini kuna tofali hadi kiunoni, kisha kioo cha mita 1.6 kwenda juu. Kaskazini ni tofali tupu. Fremu yote ni paipu za mraba zilizochomelewa.

Aliyekijenga ni mwenye nyumba wa zamani, alirudi kutoka Uingereza na hamu ya vyumba alivyoviona huko. Huko vina maana yake: watu hutaka kunasa jua hafifu la miezi ya baridi, na hata wao ikifika Julai huvikimbia. Sisi tuko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Jua hafifu la kunasa hatuna.

Siku hizi ni karakana ya shangazi. Anashona gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, na kanzu, na mwanga wa chumba kile haupati penginepo nyumbani. Analinganisha uzi na kitambaa hapo hapo mezani. Lakini ikigonga saa saba mchana anafunika cherehani na kuhamia chini ya mwembe. Desemba ni mwezi wa harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe), na mteja wa gomesi hajui habari ya joto, anajua tarehe yake tu.

Leo saa nane mchana, themometa juu ya meza, imekingwa na jua: 42. Chini ya mwembe: 30.

Agizo la shangazi nimeliandika kama alivyolisema: "Mwanangu, nipunguzie joto, usinipunguzie mwanga. Na rangi usiniharibie." Hilo la rangi nililipuuza kwa nusu saa hivi. Baadaye ndilo lililochagua vifaa.

30 Novemba: hesabu kwanza

Kabla ya kununua hata msumari nilitaka kujua tunapambana na kitu cha ukubwa gani. Siku isiyo na mawingu, jua la utosi hushusha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paa letu lina mita 12 za mraba, kwa hiyo linapigwa na wati 12,000. Polikaboneti angavu hupitisha sehemu kubwa yake, tuseme 10,000. Ni kama kuchomeka pasi kumi za umeme ndani ya chumba, ukafunga mlango, ukaenda zako.

Mwanga ukishagonga sakafu, meza na vitambaa unageuka joto. Hewa inapata moto, inapanda, inakutana na paa lisilo na tundu, inabaki hapo hapo. Wengi husema kosa ni la kioo, kwamba hupitisha mwanga na kuzuia joto lisirudi nje. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini mwaka 1909 mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood alilipima jambo hili kwa visanduku viwili, kimoja kikiwa na mfuniko wa kioo na kingine wa chumvi ya mwamba, ambayo huruhusu mnururisho wa joto upite. Tofauti ya joto kati yao ikawa ndogo sana. Kinachopika zaidi ni hewa iliyofungiwa.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na zina mpangilio. Kwanza jua lizuiwe likiwa bado nje. Pili hewa ipate pa kutokea. Mengine yote ni nyongeza.

2 Desemba: msumari uani

Nilisimamisha msumari mrefu kwenye ubao uani na kuchora ncha ya kivuli chake kutwa nzima. Kivuli kilikuwa kifupi kabisa karibu saa sita na nusu wala si saa sita, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki na Tororo iko karibu na 34. Ndiyo maana jua la jioni hapa huchelewa kuondoka, na upande wa magharibi unaumia zaidi ya vile mtu angedhani.

Kivuli cha mchana kilielekea kaskazini, maana mwezi huu jua limeegemea kusini. Juni litaegemea kaskazini kwa kiasi karibu hicho hicho. Machi na Septemba linapita juu ya vichwa. Mambo matatu yanatoka hapo.

Paa linapigwa mwaka mzima, hakuna msimu wa nafuu.

Ukuta wa kusini ni rahisi. Desemba jua la mchana linainama digrii 24 tu kutoka utosini, kwa hiyo kioo cha mita 1.6 kinafunikwa na upenu wa sentimita 72. Basi. Nimempa fundi namba hiyo akacheka, "Sentimita 72? Siyo 70, siyo 75?" Ataweka 75.

Ukuta wa magharibi haufunikwi na upenu. Saa kumi na moja jioni jua liko chini kiasi kwamba upenu ungehitaji kutokeza zaidi ya mita 3. Huo si upenu tena, ni ukumbi mwingine.

6 Desemba: kila mtu na dawa yake

Alikuja fundi wa kuchomelea, akaja fundi umeme, na jirani akaja bila kuitwa.

Fundi umeme alitaka kiyoyozi. Kile kidogo cha majumbani huondoa joto la wati 2,600 hivi, na sisi zinaingia 10,000. "Basi tuweke viwili," akasema. Hata vitatu havifui dafu, na bili ni ya shangazi. Akarudi kwenye feni. Feni sina ugomvi nayo, inakausha jasho na mwili unahisi nafuu, ila joto la chumba haiteremshi hata digrii moja. Na shangazi alishaijaribu, ilimpeperushia karatasi za vipimo.

Jirani alisifu tinti, ile ya vioo vya magari. Itatia giza, hilo moja. La pili, tinti ya kuficha jua inayobandikwa upande wa ndani hufyonza joto, kioo chenyewe kinapata moto katikati huku kingo zilizojificha kwenye fremu zikibaki baridi, na kioo cha kawaida katika hali hiyo huweza kupasuka.

Fundi wa kuchomelea ndiye aliyekata shauri: "Hajati, toa hii plastiki, piga mabati, mambo yaishe."

"Na mwanga nitaununua sokoni?" Shangazi akamjibu bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona.

9 Desemba: pazia

Jaribio la bei nafuu kuliko yote, kwa sababu kitambaa kilikuwepo. Tulitandaza marekani nyeupe chini ya paa lote kwa ndani. Saa nane: 39 ndani, 30 nje. Digrii tatu si haba, lakini pandisha mkono kati ya pazia na paa uone, ni tanuri. Kitambaa cheupe kinarudisha sehemu ya mwanga kupitia paa, sehemu nyingine kinaifyonza, na iliyofyonzwa imeshakuwa joto ndani ya nyumba. Nusu mita juu zaidi, upande wa pili wa paa, joto hilo hilo lingekuwa la upepo.

Pazia tumelishusha. Shangazi amelikata mifuko ya mito.

12 Desemba: neti, na suala la rangi

Duka la pembejeo lilikuwa na neti ya kijani, ile wanayofunikia vitalu vya miche ya kahawa, ya kukata asilimia 70 ya mwanga. Niliomba kipande. Shangazi akakishika juu ya meza juani na kuweka chini yake vijiti vya uzi: krimu, maruni, bluu ya bahari. Krimu ikawa kama imeota ukungu. Maruni ikageuka kahawia nzito isiyo na uhai. "Hapa nitamshonea bibi harusi nguo ya msiba," akasema, akanirudishia.

Neti ya kijani hupitisha kijani zaidi ya rangi nyingine, kwa hiyo kila kitu chini yake kinapoteza wekundu. Nyeusi hupunguza rangi zote kwa pamoja. Kipande cheusi kililetwa siku iliyofuata, tukarudia na vijiti vile vile. Krimu ikabaki krimu.

Hofu ya giza ilitulizwa na hesabu nyingine. Jua kali la mchana ni laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Ukiondoa asilimia 70 na kile kinachopotea kwenye polikaboneti, zinabaki zaidi ya 20,000. Kushona kwa makini kunatosheka na 1,000. Mwanga tuliokuwa nao ulikuwa wa kumwaga, na kila laksi ya ziada ilikuwa joto tu.

20 Desemba: kupandisha neti

Sharti langu kwa fundi: neti isilale juu ya paa. Neti nyeusi inapata moto sana, na ikigusa polikaboneti inaupitisha moto huo chini. Tumeiinua sentimita 30 kwa vijiguu vya paipu vilivyochomelewa kwenye fremu (si kutoboa polikaboneti, matundu hayo ndiyo huvuja), upepo unapita katikati na kuchukua joto. Neti imezidi paa kwa sentimita 25 kusini na kaskazini. Kwa kimo hicho, jua lililoinama digrii 24 linasogeza kivuli sentimita 13, hivyo tunayo akiba Desemba na Juni pia.

Shida ya kweli ya Tororo ni dhoruba. Mji huu uliwahi kuandikwa kwenye vitabu vya rekodi kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na anayeishi hapa haulizi walizihesabuje. Neti iliyofungwa kwa waya ingechanika dhoruba ya kwanza au ingeondoka na fremu. Tulikunja pindo mara mbili, shangazi akalishona kwa uzi wa nailoni (cherehani ya kanzu ilinung'unika lakini ikafika), tukapiga macho ya chuma kila nusu mita, na kila jicho likafungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mpira unanyooka upepo ukija na kurudi ukiondoka. Upande wa chini tumefunga fundo la kuvuta, ili wingu jeusi likitokea upande wa Mbale mtu mmoja aifungue na kuikunja kwenda juu.

Fremu nayo imeunganishwa na waya wa ardhini. Fundi umeme alisisitiza, na kwa mji huu nilimsikiliza.

Saa nane siku iliyofuata: 36 ndani, 31 nje. Neti peke yake.

Krismasi hadi mwaka mpya

Mafundi hawapo. Gomesi zimetoka zote kwa wakati.

5 Januari: hewa

Sehemu hii ndiyo niliyoifurahia zaidi. Wakulima wa nyumba za vioo hulenga matundu ya paa yenye eneo la asilimia 15 hadi 20 ya sakafu. Kwetu ni kati ya mita za mraba 1.8 na 2.4. Tulichokuwa nacho ni kidirisha kimoja cha kuteleza, na kilikuwa katikati ya ukuta, mahali ambapo hakisaidii hewa ya juu wala ya chini.

Hewa moto inajikusanya paa linapokutana na nyumba, ndipo juu kabisa. Tulirudisha karatasi za polikaboneti nyuma na kuacha mwanya wa sentimita 40 kwa urefu wote wa mita 4, tukaufunika kwa kofia ya bati iliyoinuliwa ili mvua isiingie. Kaskazini, ile pembetatu ya juu ya ukuta tuliifungua na kutia luva, vibao vya mshazari vya kupitisha hewa. Jumla mita za mraba 2 hivi. Chini, kwenye tofali la kusini chini ya upenu mpya, tulitoa mistari miwili na kupanga matofali ya matundu, ili hewa inayoingia iwe ya kivulini. Kutoka matundu ya chini hadi mwanya wa juu ni mita mbili na nusu, na kadiri kimo hicho na tofauti ya joto zinavyokuwa kubwa ndivyo mvuto unavyoongezeka. Hakuna mota.

Wavu wa mbu haukuwa na mjadala. Tororo na malaria ni habari ya zamani, watafiti wamekuwa wakiifuatilia hapa kwa miaka mingi. Lakini wavu hupunguza mwendo wa hewa, kwa hiyo tuliongeza matundu ya chini kuliko tulivyochora na kuubandika wavu kwenye fremu za kutoa na kufua. Vumbi la vitambaa huuziba haraka.

Kupima mvuto, shangazi alileta chetezo. Udi ukawekwa mbele ya matundu ya chini saa saba mchana. Moshi ulisimama kidogo, ukalala, ukaingia ndani ya tofali kana kwamba kuna mtu anauvuta upande wa pili, ukapita juu ya meza, ukatokea kwenye kofia ya bati. Fundi wa kuchomelea alitoka nje kuhakikisha, akarudi akinusa. "Unatoka kweli, Hajati. Jirani ataanza kuuliza mnasherehekea nini."

Saa nane: 33 ndani, 31 nje.

17 Januari: magharibi

Mchana umetulia, jioni bado. Kuanzia saa kumi jua linaingia ubavuni na neti ya juu hailijui. Saa kumi na moja ndani ilikuwa 35 huku nje joto limeshaanza kushuka.

Kwa upande huu nilitaka kitu cha kupandisha na kushusha, maana asubuhi ukuta huo ndio unaotoa mwanga mzuri kuliko yote, wa anga lisilo na jua. Mikeka ya mafunjo ikawa jibu. Kwenye mabwawa ya Mpologoma mafunjo hayajawahi kuadimika, na mikeka ya namna hii, ebiwempe kwa Waganda, imezungushiwa hata makanisa. Ilifika minne juu ya bodaboda moja, dereva haonekani.

Imening'inizwa nje ya kioo, si ndani, kwa sababu ile ile ya pazia. Inasimama kiganja kimoja mbali na kioo, inaviringishwa kutoka chini kwa kamba na kapi, kila mmoja peke yake. Shangazi anashusha mitatu na kuacha wa kaskazini nusu, hapo ndipo ilipo cherehani. Kupitia mafunjo mwanga unaingia kwa mistari myembamba ya rangi ya asali, na kwa kulinganisha nyuzi haufai. Lakini saa hizo anafanya kazi za mkono, vifungo na mapindo.

Saa kumi na moja sasa: 31 ndani, 30 nje.

Mikeka haidumu, mvua na jua vitaila. Nyuma yake tumevuta nyaya tano na kupanda pasheni mbili. Majani hufanya zaidi ya kivuli, hupumua maji na kujipoza yenyewe. Vitabu vya Ulaya husifu mimea inayopukutisha majani ili jua la baridi lipite, shauri zuri kwao. Sisi tunataka majani miezi yote kumi na miwili, na pasheni haipukutishi kwa msimu.

Februari: mambo madogo

Chokaa. Jirani aliuliza kwa nini hatukupaka paa chokaa, Tororo ina chokaa tele. Wenye nyumba za vioo nchi za baridi hufanya hivyo na mvua huja kuiosha. Kwenye kioo inakubalika, lakini chokaa ni kali na polikaboneti haipendi kemikali za aina hiyo. Tumepaka safu ya juu ya vioo vya kusini tu. Mwanga wake ni laini kama wa wingu jeupe, na shangazi ameniomba nisiufute.

Maji. Kuna aliyeshauri tumwagie sakafu kila mchana. Lita moja ya maji ikikauka kwa saa moja huondoa joto la wati 675 hivi. Neti inazuia zaidi ya wati 8,000 kabla hazijafika. Kuifikia kwa maji ni lita 12 kila saa, zote zigeuke mvuke, katika chumba chenye hariri na karatasi za vipimo. Hapana.

Sakafu. Ilikuwa saruji nyeusi iliyong'arishwa, ikilala na joto hadi usiku. Mkeka mpana, basi.

Ramadhani imeingia na kanzu za Idd zimerundikana hadi kwenye kiti cha wageni. Shangazi anashona mchana kutwa na saumu yake. Mwaka jana msimu kama huu, anasema, baada ya adhuhuri hakugusa sindano mpaka jua lizame. Themometa siisomi tena kila siku, yeye hunipigia simu likizidi 33. Amepiga mara moja, na ilikuwa mtu amefunga luva kwa hofu ya popo.

Machi, mvua za kwanza

Dhoruba mbili kubwa zimepita. Tyubu tatu zimekatika, neti haina tundu. Kofia ya bati inavuja kona ya kaskazini upepo ukitoka huko, fundi ataongeza mdomo wa sentimita 10. Siku za mawingu neti inakunjwa, mwanga wote unarudi.

Kilichobaki: mkeka wa pili kutoka kusini umeoza kingo na unahitaji kubadilishwa kabla ya Juni. Pasheni imefika waya wa pili. Fundi hajalipwa salio la luva, na nimeahidi Ijumaa.